NENO LA MWEZI: "AMENICHOMA!"

Ukurasa wenu wa maneno umerudi. Mwezi huu tumechukua neno tunalolisikia kila siku kwenye foleni ya maji, uwanjani, darasani na hata kwenye mikutano ya wakubwa. Neno lenyewe ni KUCHOMA. Siyo kuchoma mahindi. Ni kuchoma mtu.

"Amenichoma kwa mwalimu!" "Usiongee mbele ya yule, anachoma watu." "Ukinichoma, utaniona!" Ndivyo wanavyosema vijana wetu. Neno hili ni la Sheng, lugha ya mitaa ya Nairobi, na limefika mpaka kwetu pamoja na nyimbo na watu waliopita huko. Maana yake ni kupeleka habari za mwenzako kwa mtu mwenye uwezo wa kumwadhibu.

Wazee wanaweza kusema hawalijui. Lakini kitendo wanakijua, na kila mahali kina jina lake. Kwenye Kiswahili cha vitabuni tunasema kuchongea, na mwenye tabia hiyo ni mchongezi. Watoto wadogo wanasema, "Nitakusemea kwa mama!" Watanzania wana mtu wao anaitwa mnoko. Hapa Rwanda mpelelezi wa siri anaitwa maneko. Na karibu kila mahali utasikia mtu akilia kwamba rafiki "amemuuza". Hapo nako muwe waangalifu, maana Kiswahili ni kipana. Mtu wa Lubumbashi akikwambia "nimeuza nguo", ana maana ameinunua, na akitaka kusema ameitoa kwa pesa atasema "nimeuzisha". Watu wanaweza kugombana bure kwa neno moja tu.

Sasa, kwa nini tumechagua neno hili? Kwa sababu linaziba midomo. Sisi walimu tunaliona darasani. Daftari limepotea, tunauliza nani ameona, darasa zima kimya. Wote wameona, lakini hakuna anayetaka kuitwa mchomaji. Daftari ni kitu kidogo, sawa. Lakini mtoto aliyefundishwa na wenzake kwamba kusema ni aibu, atanyamaza pia siku mtu mzima atakapomfanyia ubaya na kumwambia: "Ukisema, wewe ni mchongezi." Hapo neno la utani limekuwa kufuli mdomoni mwa mtoto.

Ndiyo maana tunataka tuliangalie vizuri. Hebu fikirini: Kiswahili chenyewe kinatumia kuchoma kwa mambo mbalimbali. Moto unachoma nyumba. Watu wanachoma nyama ili wale. Na muuguzi anachoma sindano ili mgonjwa apone. Neno ni lilelile, lakini nani atachanganya moto na sindano? Basi na kuchoma mtu ni hivyohivyo. Kuna kwa aina tatu.

KUCHOMA KAMA MOTO

Hii ni kumsemea mtu kwa chuki, au kwa uongo, au kwa sababu tu ya alivyo. Wazee walisema ulimi hauna mfupa, na wakati mwingine ulimi huo unawasha moto usiozimika.

Kigali yenyewe inaujua moto huu. Tarehe 1 Oktoba 1990 vita vilianza kaskazini-mashariki mwa Rwanda, jeshi la RPF lilipoingia kutoka Uganda. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 risasi zikalia mjini Kigali. Serikali ya wakati ule ikasema adui ameshaingia mjini. Baadaye ilijulikana kwamba mashambulizi ya usiku ule yalipangwa na serikali yenyewe. Raia wakahimizwa wawe macho, wawatafute wanaodhaniwa kushirikiana na adui. Waliokamatwa waliitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Walifika watu wapatao 10,000, wengi wao Watutsi, na wengine watu waliokuwa na msimamo tofauti na serikali. Wengi walirundikwa katika uwanja wa michezo wa Nyamirambo, uleule mtaa ambao leo mkienda mjini mnausikia ukiongea Kiswahili. Wengi hawakuwa wameshtakiwa kwa kosa lolote. Wa mwisho wao walitoka kufikia Aprili 1991.

Lakini neno halikutoka nao. Lile jina ibyitso lilibaki midomoni, likaendelea kutumika redioni na mitaani, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio RTLM ilitangaza mpaka majina ya watu na sehemu walipojificha. Kumtaja mtu kulikuwa kumuua.

Wengi wetu tumetoka Kivu au Burundi, na hatuhitaji kufundishwa somo hili. Tunajua maana ya jirani kunyosha kidole mbele ya watu wenye bunduki. Tunajua pia kimya kinachookoa. Kuna watu wanasoma ukurasa huu leo kwa sababu mtu fulani, siku ile, aliulizwa "wako wapi?" akajibu "sijui". Mtu huyo hakuwa mwongo mbele ya Mungu. Alikataa kuwa kuni za moto.

Kwa hiyo mzazi akimwambia mtoto, "Nyamaza, usiseme mambo ya watu," tunamwelewa. Anasema hivyo kwa sababu ya aliyoyaona. Tatizo ni kwamba tumeleta kimya cha vitani mpaka kwenye mambo yasiyohitaji kimya.

KUCHOMA KAMA NYAMA

Aina ya pili ni ya mtu anayemchoma mwenzake ili ale. Hana chuki sana, ana njaa ya kitu. Anataka pesa, nafasi, kusifiwa na mkubwa, au kujiokoa yeye mwenyewe.

Nairobi, tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilizingira mji mzima katika operesheni iliyoitwa Anvil, kuwatafuta watu wa Mau Mau. Watu walipitishwa mbele ya wasemaji wa siri waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Aliyevaa gunia akitingisha kichwa, aliye mbele yake anapelekwa kizuizini. Watu wakawaita gakunia, kwa sababu ya lile gunia. Zaidi ya 20,000 walizuiliwa katika operesheni ile. Na wewe uliyepelekwa huwezi kumuuliza lolote, humjui ni nani. Labda ni mtu mnayegombania shamba. Labda ni mtu aliyeogopa tu.

Hata shule zimewahi kufundisha tabia hii. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni, jinsi ilivyokuwa katika shule za Kenya za utoto wake. Mtoto anayekutwa akiongea lugha ya nyumbani alipewa kifungo cha nguo. Ili akiondoe, ilibidi amkamate mwingine akiongea Kikuyu, ampe. Jioni mwalimu anafuata mnyororo: nani alikupa wewe, na wewe ulimpa nani, na wote wanaadhibiwa. Watoto wakawa wawindaji wa watoto wenzao. Kwa hiyo katika madarasa yetu kiranja haandiki orodha ya majina ya wapiga kelele. Mtoto akipewa karatasi hiyo, kesho ataifanyia biashara: nipe pipi nisikuandike.

Na huku kwetu? Fikirini siku za uhakiki, wakati kila familia inaitwa na kadi zake. Mama mmoja anadaiwa kibandani na jirani. Hajalipa. Mara zinakuja habari kwamba "yule si mkimbizi wa kweli". Deni la sabuni na mafuta limegeuka kesi ya familia nzima, watoto wanaweza kubaki bila msaada mpaka mambo yachunguzwe. Aliyepeleka habari anasema amesaidia ofisi. Lakini sote tunajua alichokuwa anachoma, na nani alitaka kula.

KUCHOMA KAMA SINDANO

Hapa ndipo tunataka mkae vizuri, wazazi wapendwa. Kuna kusema kunakouma lakini kunaponya. Aliyechomwa anapiga kelele, kama mtoto kwenye chanjo. Lakini bila sindano ile ugonjwa unabaki. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Turudi Rwanda. Baada ya 1994, kwa hesabu ya serikali, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameuawa, na magereza yalijaa. Ndipo zikaanzishwa mahakama za Gacaca. Zilianza kwa majaribio 2002, zikaenea nchi nzima kuanzia 2005, na zilifungwa tarehe 18 Juni 2012 zikiwa zimepitia kesi karibu milioni 2. Watu walikaa kwenye majani ya kijiji chao na kuulizwa: nani alifanya nini, nani aliona, miili iko wapi? Mjane hakuweza kumzika mume wake mpaka mtu mmoja akubali kusema. Kuna waliosema. Kuna walioambiana ceceka, yaani nyamaza. Na kuna waliosema uongo ili kulipiza mambo yao.

Angalieni sheria ya Gacaca ilifanya nini. Ilimwadhibu aliyekataa kusema alichokiona, na ilimwadhibu pia aliyemsingizia mwenzake. Yaani nchi ile ile iliyoonja moto wa 1990 na 1994 haikuhitimisha kwamba watu wote wanyamaze. Ilitenganisha. Uongo ni kosa, na kuficha ukweli ni kosa.

Mfano wa pili ni wetu kabisa sisi wakimbizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nairobi, ilifichuka kwamba baadhi ya watu ndani na nje ya ofisi ya UNHCR walikuwa wakiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda kuishi nchi nyingine. Nafasi hizo ni za bure. Watu walidaiwa maelfu ya dola. Umoja wa Mataifa ulituma wachunguzi, ripoti ikatangazwa mwanzoni mwa 2002, na watu wakakamatwa na kushtakiwa. Biashara ile iliishi kwa sababu ya kimya. Aliyelipa aliogopa kusema asije akafutiwa safari yake. Asiyekuwa na pesa aliogopa kuitwa mchongezi. Na katikati yao, mwenye haki, mgonjwa au mjane, faili lake lilikaa chini ya mengine. Waliokubali kuongea na wachunguzi hawakumuuza mtu. Waliwazuia waliokuwa wakiwauza watu.

Mkiona hivyo, mtaelewa kwa nini mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele "acheni kuchomana!" Wakala anayemkata mama pesa kila akienda kutoa msaada wake kwenye simu, huyo anapenda sana neno kuchoma. Mtu anayewaita watoto wa kike ndani kwa biskuti, huyo pia. Kwao neno hili ni ukuta mzuri.

MASWALI MANNE

Sasa mtu atajuaje kama anashika kiberiti au sindano? Tumezoea kuwapa wanafunzi maswali manne, na wakubwa nao wanaweza kuyatumia.

Moja: Je, nimeona mwenyewe, au nimesikia tu? Kama ni "wanasema", acha kwanza. Anayechongea hushika jambo dogo akalichonga kama mti mpaka lifanane na anachotaka.

Mbili: Nikinyamaza, nani ataumia? Kama ni mtoto, mgonjwa, mwanamke anayepigwa, au watu wote wa mtaa, basi kimya chako kina gharama, na siyo wewe unayelipa.

Tatu: Ninampelekea nani habari hii? Hili ndilo swali kubwa. Habari ileile ukimpelekea mwenye panga, umeua. Ukimpelekea mwenye kazi ya kulinda, umeokoa. Usiseme mambo ya mtu kibandani kisha useme "nilikuwa natoa taarifa". Kibandani hakuna anayelinda mtu.

Nne: Mimi ninapata nini? Kama jibu ni deni, wivu, au nafasi ya yule, rudi nyumbani ukalale. Kesho utafikiri vizuri.

KWA WAZAZI

Mtoto akija mbio, "Mama, kaka amekula sukari!", hakuna haja ya kumpiga kaka, wala ya kumfukuza msemaji kwa ukali, "Toka hapa, mchongezi wee!" Mkimfukuza hivyo kwa sukari, atakumbuka siku atakapokuwa na jambo zito. Mwambieni tu, "Nimesikia. Je, kuna mtu anaumia? Hakuna? Basi nendeni mkazungumze." Taratibu atajifunza kutofautisha.

Na mfundisheni sentensi moja, muirudie mpaka aijue kama jina lake: "Mtu mkubwa akikwambia hii ni siri yetu, usimwambie mama, hiyo siyo siri, uje uniambie siku hiyohiyo." Siri nzuri zipo, kama zawadi ya sikukuu. Siri inayomfanya mtoto aogope au aumie siyo siri ya kutunza.

Jambo likitokea, kuna mahali pa kwenda. Polisi wanapatikana kwa namba 112, na namba 116 ni ya kusaidia watoto. Kuna pia vituo vya Isange. Cha kwanza kilifunguliwa Kigali, kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru, mwaka 2009, na sasa vipo katika hospitali nyingi za wilaya. Hapo aliyefanyiwa ukatili anapata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja, bila kulipa. Msioshe nguo, msingoje wiki, msikae kwanza kikao cha familia kuomba fidia ya mbuzi. Nendeni mapema.

KWA VIONGOZI WETU

Tunawaheshimu sana, na tuna ombi. Mtu akiwaletea habari, jina lake libaki kwenu. Mkisema mkutanoni, "Mama fulani ndiye ametuambia," mtakuwa mmefunga midomo ya mtaa mzima kwa mwaka. Rwanda ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu 2012, ikaandikwa upya 2017. Serikali imeona kwamba anayesema ukweli anahitaji ngao. Na sisi tuione.

Vilevile, anayetajwa naye ana haki yake. Asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Yule wa Nairobi wa 1954 hakupewa nafasi ya kuuliza lolote, gunia lilitingisha kichwa tu. Sisi tusiwe na magunia. Msemaji alindwe, lakini maneno yake yachunguzwe.

KWA VIJANA

Ninyi ndio wenye neno, hatuwezi kuwanyang'anya. Endeleeni kuimba nyimbo zenu na kuchekeshana. Tunaomba kitu kimoja tu. Siku rafiki yako anataka kusema jambo linalomuumiza, akasita, akakuangalia kwanza usoni ili aone kama utamcheka, usimwambie "utachoma". Mwambie, "Twende wote."

KAZI YA NYUMBANI

Kaeni jioni moja, wazee na watoto, muulizane: katika lugha ya kwetu, anayesema ukweli ili kumlinda mtu anaitwaje? Sisi tumetafuta. Majina ya mchongezi tumepata mengi, yanajaza ukurasa. La huyu mwingine tumepata machache sana. Labda bibi zetu wanalo. Waulizeni, muliandike kwenye karatasi pamoja na lugha yake, mlilete shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayachapisha yote katika toleo lijalo, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, Mashi, Kibembe na mengine yote.

Tunawatakia mwezi wa amani nyumbani kwenu.

Walimu wenu wa kujitolea